Waliobaki Lacor

Waliokuwa wakisikiliza redio mwishoni mwa mwaka 2000 hulikumbuka jina la Gulu kwa sababu moja: Ebola. Ni wachache waliosikia jina la daktari aliyeutambua ugonjwa ule kwa kusoma mafaili ya marehemu, na ni wachache zaidi wanaojua kwamba katika ua wa hospitali yake tayari kulikuwa na kaburi la daktari mwingine aliyeambukizwa akiwahudumia wagonjwa. Daktari aliyeutambua ugonjwa, Matthew Lukwiya, hakuzuka ghafla. Alikulia kazini katika hospitali yenye desturi ya watu kubaki wakati kila sababu ya busara iliwataka waondoke. Desturi hiyo ina miaka yake, ina majina yake, na ililipiwa kwa gharama kubwa.

1959–1971: Miezi miwili

Lacor iko kilomita chache nje ya mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika nchi ya Waacholi. Wamisionari wa Comboni waliifungua Hospitali ya Mtakatifu Maria mwaka 1959, ikiwa na vitanda vichache na watumishi wa kuhesabika. Mei 1961 akafika Piero Corti, Mwitaliano wa miaka 35, daktari wa watoto, mzaliwa wa Besana Brianza karibu na jiji la Milano. Alikuwa na ndoto ya kuigeuza zahanati iliyokuzwa kidogo kuwa hospitali kamili. Lakini hospitali kamili inahitaji mtu wa kushika kisu, na yeye hakuwa mpasuaji.

Alimfahamu mmoja. Walikuwa wamekutana Montreal, nchini Kanada, katika hospitali ya watoto ya Sainte-Justine. Lucille Teasdale alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza wa jimbo la Quebec kufuzu upasuaji, na hilo halikumsaidia sana: alipoomba nafasi katika hospitali za Marekani alikataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Akaenda Marseille, Ufaransa, kuendelea na mafunzo. Huko ndiko Piero alikomfuata na ombi lake. Amsaidie kuanzisha chumba cha upasuaji, miezi miwili tu. Mshahara haukuwapo. Alichoweza kumwahidi ni nauli ya ndege na pesa ya sigara.

Miezi miwili ikapita. Desemba 1961 wakafunga ndoa katika kanisa dogo la hospitali. Novemba 1962, mwezi mmoja baada ya Uganda kupata uhuru, akazaliwa binti yao Dominique, aliyepewa pia jina la Kiacholi, Atim. Wazazi wake waligawana kazi kwa namna ambayo haikubadilika kwa zaidi ya miaka thelathini. Lucille aliwaona wagonjwa wa nje na kufanya upasuaji; hadi mwisho wa maisha yake alikuwa amepasua zaidi ya mara 13,000. Piero alijenga, aliandika barua, alibisha hodi kwa marafiki na mashirika ya Ulaya, alitafuta dawa, saruji na mashine. Walijiwekea kanuni moja: tiba iliyo bora kadiri iwezekanavyo, kwa watu wengi kadiri iwezekanavyo, kwa gharama ndogo kadiri iwezekanavyo. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha hospitali ya vijijini anajua jinsi sehemu hizo tatu zinavyovutana.

Jambo waliloliona mapema, na ambalo kwangu ndilo lililoiokoa Lacor baadaye, ni kwamba hospitali isiyozaa watu wake hufa na waanzilishi wake. Kwa hiyo walifundisha wauguzi hapo hapo. Miaka ilipokwenda wakaanza kuwatafuta madaktari wa Uganda.

1971–1996: Vita na vidole vya mpasuaji

Januari 1971 Idi Amin alimpindua Milton Obote. Miaka minane iliyofuata iliiondolea Uganda wataalamu wake: waliofukuzwa, waliokimbia, waliouawa. Askari wengi wa Kiacholi walichinjwa kambini. Raia wengi wa kigeni walifunga mizigo, na hakuna ambaye angewalaumu akina Corti kama nao wangefunga yao. Walibaki, na kila daktari aliyeondoka kwingine kaskazini aliwaongezea foleni mlangoni.

Kisha ikaja vita ambayo wasomaji wa Tanzania wanaijua kwa jina la Vita vya Kagera. Kampala ilitekwa na majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Askari wa Amin walirudi nyuma kuelekea kaskazini, wakipora njiani, na Lacor haikusalimika. Mbele ya Lucille wakalazwa majeruhi wa risasi na mabomu, mmoja baada ya mwingine. Kumtoa mtu vipande vya mfupa uliosagwa na risasi ni kazi ya vidole. Glavu zilikuwa chache, na zilizokuwapo zilichanika kwenye ncha za mifupa. Lucille alijikata mara nyingi. Hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na virusi vya kuogopwa katika damu ile; UKIMWI haukuwa na jina bado.

Vita haikuishia pale. Obote akarudi, akapinduliwa tena mwaka 1985, na mwaka 1986 Yoweri Museveni akaingia Kampala. Askari wa serikali iliyoanguka, wengi wao Waacholi, walikimbilia kwao kaskazini, na kutokana na hasira na hofu ya miaka ile yakachipuka maasi: kwanza ya Alice Lakwena, kisha ya Joseph Kony, ambayo yangewatesa Waacholi wenyewe kwa miaka 20.

Katikati ya hayo, mwaka 1985, vipimo vilivyofanyika London vilithibitisha kwamba Lucille ana virusi vya UKIMWI. Aliambiwa huenda amebakiwa na miaka miwili. Alirudi Lacor akaendelea kupasua. Msomaji wa leo ana haki ya kuuliza kama ilikuwa sawa. Jibu lazima litafutwe katika mahali na wakati ule. Wapasuaji kaskazini mwa Uganda walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, vita ilikuwa inaendelea, na mjamzito aliyeshindwa kujifungua au mtoto mwenye risasi tumboni hakuwa na daktari mwingine wa kumsubiri. Alichukua tahadhari zilizojulikana, na akafanya kazi kwa miaka kadhaa huku mwili ukipungua. Miaka miwili aliyotabiriwa ikawa kumi na moja. Alifariki Italia tarehe 1 Agosti 1996, akiwa na miaka 67, na mwili wake ukarudishwa Lacor kuzikwa.

1983–1999: Kijana wa Kitgum

Mwaka 1983 alifika Lacor daktari kijana wa mafunzo ya vitendo, miongoni mwa wa kwanza hospitali ile kuwapokea. Matthew Lukwiya alizaliwa Kitgum mwaka 1957. Baba yake, mchuuzi wa samaki, alikufa maji Matthew akiwa na umri wa miaka 12. Mama yake aliwalea wanawe kwa biashara ndogondogo za kuvuka mpaka wa Sudan. Mtoto huyo alishika nafasi za juu karibu kila alikosoma, akapanda kwa ufadhili mmoja hadi mwingine mpaka akahitimu udaktari Chuo Kikuu cha Makerere. Alikuwa Mprotestanti katika hospitali ya Kikatoliki, na hakuna aliyeona hilo kuwa tatizo.

Piero na Lucille walimtambua mapema. Huyu ndiye mrithi waliyekuwa wakimtafuta. Mwaka 1990 alikwenda kusomea tiba ya magonjwa ya nchi za joto katika chuo cha Liverpool, Uingereza, akafaulu kwa alama za juu kabisa, akapewa nafasi ya kubaki kufundisha. Alikataa akarudi Gulu, penye vita. Hatimaye akawa mganga mkuu wa hospitali.

Kabla ya safari hiyo ya Liverpool alikuwa tayari ameonyesha alivyo. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi walivamia hospitali wakitaka kuwachukua mateka watawa wa Kiitaliano. Lukwiya alijitokeza akawaambia wamchukue yeye badala yao. Wakamchukua. Kwa muda wa wiki nzima aliswagwa porini akiwa amevaa koti lake la kazi, kisha akaachiliwa. Aliporudi aliendelea na kazi, na miaka iliyofuata akafungua uwanja wa hospitali kwa watu waliokimbia vijiji vyao kila jioni kwa hofu ya kutekwa usiku. Walifikia maelfu. Walilala kwenye veranda, chini ya miti, kando ya kuta za wodi, na alfajiri wakarudi mashambani. Mama mwenye watoto watatu aliyelala nje ya wodi ya upasuaji hakuwa mgonjwa, hakuwa na faili, hakulipa kitu. Hospitali ilimhesabu kuwa wake.

Oktoba 2000: Mafaili kumi na saba

Kufikia mwaka 2000 Lukwiya alikuwa na mke, Margaret, na watoto watano, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikuwa mahali salama. Alikuwa Kampala kwa ruhusa ya masomo, akichukua shahada ya uzamili ya afya ya jamii pale Makerere.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 7 Oktoba, simu ililia. Aliyepiga ni Dk. Cyprian Opira kutoka Lacor. Kulikuwa na ugonjwa usioeleweka, na wanafunzi wawili wa uuguzi walikuwa wamekufa. Jioni ileile Lukwiya alikuwa amefika Lacor, na wodini kulikuwa na mwanafunzi mwingine anayevuja damu.

Yeye na mtawa Maria Di Santo, aliyesimamia kazi ya uuguzi, walikusanya mafaili ya watu waliokufa hospitalini hapo wiki za karibuni wakayasoma moja moja. Yalitokea mafaili 17 yanayofanana: homa, kutapika, kuharisha, kutokwa damu, dawa za malaria hazisaidii kitu, kifo. Lukwiya akachukua maandiko ya Shirika la Afya Duniani kuhusu homa zinazosababisha kuvuja damu, akalinganisha dalili na dalili, na akafikia jina ambalo hakuna daktari wa Uganda aliyewahi kuliandika kwenye faili la mgonjwa wa nchini mwake.

Watu wakimsimulia Lukwiya hukimbilia kifo chake. Mimi naona tendo lake kubwa ni usiku wa mafaili, na ili kulipima lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 1976 Ebola ilipojitokeza Yambuku, nchini Zaire, hospitali ya misheni iliendelea kuchoma sindano zilezile kwa wagonjwa tofauti pasipo kujua kilichokuwapo. Watumishi 11 kati ya 17 walikufa na hospitali ikafungwa. Mwaka 1995 huko Kikwit, Zaire vilevile, ugonjwa ulianza Januari na haukutambuliwa hadi Mei. Watu wapatao 250 walifariki, wauguzi na watawa wengi wakiwamo. Kila wiki ya kutojua hulipwa kwa makaburi. Gulu ilijua mapema kwa sababu mtu mmoja alikatisha masomo yake, akasafiri, na hakuridhika na maelezo rahisi ya malaria katika nchi iliyojaa malaria.

Alimpigia simu moja kwa moja Dk. Sam Okware, kamishna wa afya ya jamii katika Wizara ya Afya, bila kusubiri barua ipande ngazi. Sampuli za damu zikachukuliwa zikapelekwa maabara ya Afrika Kusini. Lukwiya hakungoja majibu. Alitenga wodi maalumu, akaomba watumishi wajitolee kuihudumia, akaweka utaratibu wa mavazi: gauni, kofia, barakoa, glavu mbili mbili, buti, miwani ya kinga. Majibu yalipotoka wiki moja baadaye, yalithibitisha kwamba ni Ebola ya aina ya Sudan, ileile iliyoonekana Nzara, kusini mwa Sudan, mwaka 1976. Karantini ilikuwa tayari inafanya kazi.

Walichokijua wazee

Ugonjwa ulikuwa umeanzia vijijini wiki kadhaa kabla. Ulisambaa mazishini, ambako ndugu waliosha maiti na kisha wakanawa mikono pamoja katika chombo kimoja kwa heshima ya marehemu. Vita nayo ilisaidia kuueneza. Waacholi wengi walikuwa wamesongamana katika kambi zilizowekwa na serikali kwa ajili ya ulinzi, nyumba ikigusa nyumba, maji machache, choo kimoja kwa familia nyingi.

Lakini kuna jambo ambalo wataalamu waliofika na ndege walichelewa kulifahamu. Waacholi walikuwa na utaratibu wao wa kale dhidi ya magonjwa ya mlipuko, ambayo kwao huitwa gemo. Mgonjwa hutengwa katika nyumba iliyo mbali na nyingine. Anayemuuguza ni mtu aliyewahi kuugua akapona. Nyumba yenye mgonjwa huwekewa miti miwili ya matete marefu ili wapitao wajue wasikaribie. Ngoma husimama, kula pamoja na wageni husimama, na watu hawatembeleani ovyo. Aliyepona hukaa peke yake hadi mwezi mzima uandame na kumalizika. Aliyekufa huzikwa na waliokwisha kuugua, pembezoni mwa kijiji.

Ukiyaweka maagizo hayo kando ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, utashangaa yanavyofanana. Mtaalamu wa anthropolojia Barry Hewlett aliyeyachunguza akiwa Gulu aliona kwamba watu walikuwa wameanza kuyatumia wenyewe kabla jina la Ebola halijatajwa redioni. Kwa hiyo tunapohesabu waliojitoa kuwaokoa wenzao, tusiishie kwenye geti la hospitali. Bibi aliyekubali kuingia nyumba iliyotengwa kwa kuwa yeye aliwahi kuugua, kijana aliyekata matete akayasimika mlangoni kwa mjomba wake na kuacha kwenda kumwamkia, hao pia walizuia vifo. Majina yao hayamo katika ripoti yoyote.

Novemba 2000: Ukumbini

Ndani ya wodi ya karantini hakukuwa na dawa ya kuua virusi. Kilichokuwapo ni dripu, maji ya chumvi na sukari, dawa za maumivu, na mtu wa kumgeuza mgonjwa, kumwosha, kumfutia damu. Kazi hiyo ya kumwosha na kumfutia ndiyo iliyomsogeza mhudumu karibu na kifo. Wauguzi walivaa tabaka zote zile kwenye joto la kaskazini, wakatoka jasho hadi miwani ikaingia ukungu, wakachoka, na mtu aliyechoka hukosea: hujikuna jicho, huvua glavu kwa namna isiyofaa. Nje ya hospitali walitengwa. Majirani waliwaogopa, na waliopona walikuta vitu vyao vimechomwa moto.

Bruda Elio Croce, mmisionari fundi aliyezoea kushughulika na jenereta, visima na majengo, aligeuka mzikaji. Aliwabeba marehemu ambao hakuna aliyethubutu kuwagusa na kuwazika.

Lukwiya aliishi peke yake hospitalini, familia ikiwa Kampala. Aliingia wodini kila siku. Mapema Novemba kulikuwa na dalili za ushindi, kisha wiki ya tatu mambo yakaharibika: wahudumu wa Lacor wakaanza kufa kwa kufuatana, wengine wakiwa hawakuwahi hata kupangiwa zamu ya karantini. Ndani ya siku moja wakafa watu saba, watatu wao wakiwa wahudumu wa hospitali. Asubuhi iliyofuata kazi ilisimama. Watumishi wapatao 400 walijaa katika ukumbi wa shule ya uuguzi wakitaka hospitali ifungwe.

Madai yao yalikuwa ya haki. Hawakuwa waoga, waoga walikuwa wameondoka zamani. Hawa walikuwa wamezika wenzao na hawakuona mwisho. Lukwiya aliwasikiliza, akazungumza nao kwa saa nyingi.  Aliwakumbusha walichoapa walipoingia katika kazi ile, akawakumbusha Ijumaa Kuu ya 1989, na akawaambia kwamba anayetaka kwenda aende, ila yeye atabaki. Mkutano ulipokwisha walirudi wodini.

Nimefikiri mara nyingi kuhusu saa zile. Kiongozi mwingine angeweza kusema maneno yaleyale na ukumbi ukamzomea. Wao walimwamini kwa sababu walikuwa wamemwona kila siku akivaa gauni lilelile na kuingia mlango uleule. Walikuwa pia na kumbukumbu ya mwanamke wa Kanada aliyepasua huku akijua ameambukizwa. Desturi ya hospitali ilikuwa mezani siku ile kama hoja, na ikashinda.

5 Desemba 2000

Lukwiya alikuwa tayari ameambukizwa, ingawa hakujua. Usiku wa kuamkia siku mojawapo ya juma lile la Novemba aliitwa haraka wodini. Muuguzi wa hospitali aliyekuwa mahututi alikuwa ameinuka kitandani akiwa hajitambui, akikohoa damu, na wauguzi wa zamu waliogopa. Lukwiya alikwenda kumshika na kumrudisha kitandani. Alivaa barakoa, gauni na glavu. Hakuvaa miwani ya kinga. Katika haraka ile ya kumwahi mtu aliyemfahamu, macho yalibaki wazi.

Homa ilimwanza mwishoni mwa mwezi. Alitumaini ni malaria au mafua. Kipimo kilisema vingine. Alilazwa katika wodi aliyoianzisha mwenyewe, akasisitiza kwamba wanaomhudumia wafuate utaratibu wote bila kumwonea huruma kwa kulegeza chochote. Margaret alifika kutoka Kampala na kuruhusiwa kumwona akiwa amevishwa mavazi ya kinga. Walioshuhudia ugonjwa wake walisimulia kwamba aliomba katika sala, ikiwa ni lazima afe, basi awe wa mwisho.

Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, saa saba na dakika 20 usiku. Alikuwa na umri wa miaka 43. Siku hiyohiyo alizikwa katika ua wa hospitali, kando ya Lucille. Walioshusha jeneza walivaa mavazi ya kinga, dawa ya kuua virusi ikanyunyizwa, na waombolezaji wakasimama mbali, kama kanuni alizoziweka zilivyotaka. Wahudumu zaidi ya kumi wa Lacor walikufa katika mlipuko ule. Baada ya Lukwiya hakufa mhudumu mwingine wa Lacor.

Tarehe 27 Februari 2001 mlipuko ulitangazwa kumalizika. Watu 425 walikuwa wameugua katika wilaya za Gulu, Masindi na Mbarara, na 224 kati yao wakafariki. Ulikuwa mlipuko mkubwa kuliko wote wa Ebola hadi wakati ule, na haukuzidiwa mpaka ule wa Afrika Magharibi mwaka 2014. Hata hivyo, katika Gulu iliyojaa kambi za watu waliosongamana, waliofariki walikuwa kama nusu ya waliougua, ilhali Kikwit walikufa wanane kati ya kila kumi. Aina ya kirusi ilichangia tofauti hiyo, kwani ile ya Sudan huua kwa kiwango kidogo kuliko ile ya Zaire. Wodi iliyofunguliwa kabla ya majibu ya maabara ilizuia wengi zaidi wasiugue kabisa.

Baada ya 2001

Piero Corti alimzika mkewe, kisha akamzika kijana aliyemtegemea kumrithi. Angeweza kuvunjika. Alirudi kwenye barua zake za kuomba misaada, na alifariki Aprili 2003. Naye amezikwa Lacor, pamoja na hao wawili. Dominique, binti wa Piero na Lucille, ambaye alisomea udaktari, aliendeleza mfuko ambao wazazi wake waliuanzisha mwaka 1993 kuisaidia hospitali. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Gulu kilifungua kitivo cha tiba, na wanafunzi wake wakaanza kujifunzia Lacor. Dk. Opira, yule aliyepiga simu ile ya Oktoba, alikuja kuiongoza hospitali. Leo hospitali ina zaidi ya vitanda 450, na wanaoiendesha ni wananchi wa Uganda. Bruda Elio, aliyeepuka Ebola huku akiwazika waliokufa kwayo, alifariki kwa UVIKO-19 Novemba 2020, bado akiwa katika utumishi.

Kirusi nacho hakikuondoka. Tarehe 20 Septemba 2022 Uganda ilitangaza mlipuko mpya wa Ebola ya aina ya Sudan, safari hii ukianzia Mubende. Daktari wa kwanza kufa alikuwa Mtanzania, Dk. Mohammed Ali, mwenye umri wa miaka 37, aliyekuwa Uganda akisomea upasuaji. Alifariki tarehe 1 Oktoba akitibiwa Fort Portal. Mlipuko huo ulipotangazwa kumalizika Januari 2023, visa vilivyothibitishwa vilikuwa 142 na vifo 55, wahudumu wa afya wakiwamo. Januari 2025 ugonjwa ukarudi tena, na aliyefungua orodha ya waliokufa alikuwa muuguzi wa Hospitali ya Mulago, Kampala.

Chanjo iliyoidhinishwa dhidi ya Ebola imetengenezwa kwa ajili ya aina ya Zaire. Kwa aina ya Sudan, iliyomuua Lukwiya na Dk. Ali, majaribio ya chanjo yalianza Kampala Februari 2025, robo karne baada ya Gulu. Katika muda wote huo kilichosimama kati ya kirusi na muuguzi wa zamu ya usiku ni glavu, barakoa na miwani. Lucille Teasdale aliambukizwa kwa glavu zilizochanika, Matthew Lukwiya kwa macho yasiyofunikwa. Kama wewe ni diwani, mjumbe wa bodi ya hospitali, mfamasia wa wilaya au mtu mwenye sauti yoyote juu ya bajeti ya afya mahali unapoishi, nenda stoo ya hospitali yako ukahesabu miwani ya kinga iliyopo. Ukikuta haitoshi, anza kudai leo, kabla simu haijalia.